Mia Kasoro Moja: Majina ya Mwenyezi Mungu na Kazi ya Kuyahesabu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Masheikh wetu, walimu wenzangu, wazazi wangu, na nyinyi vijana mliotoka Uyole, Mwanjelwa, Tukuyu, na wengine mbali hadi Iringa, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Majirani zetu Wakristo mlioitikia mwaliko, nanyi tunawapokea kwa mikono miwili, kwa sababu jambo nitakalolizungumza linaanzia katika lugha tunayoisema sote hapa Mbeya.

Baada ya swala ya Alasiri, watu walipokuwa wakitafuta mahali pa kukaa, niliwasikia mkiulizana habari. Habari za tangu juzi, habari za Kyela, habari za mgonjwa. Neno hilo limetokana na mzizi wa Kiarabu wa herufi tatu, kha, ba na ra, na mzizi huohuo ndio wa jina Al-Khabir, Mwenye habari za kila kitu, ambalo Qurani imelifuatanisha na Al-Latif katika sura ya Al-Mulk, aya ya 14, pale inapouliza vipi asijue aliyeumba. Anayemwomba Mungu riziki ametaja mzizi wa Ar-Razzaq. Anayeomba rehema ametaja mzizi wa Ar-Rahman na Ar-Rahim. Mwenye duka anayefunga hesabu zake jioni yuko na Al-Hasib, hakimu mahakamani yuko na Al-Hakam, na shahidi, wakili na warithi, ambao mara nyingi hukutana katika kesi moja, wote watatu wamechukua maneno yao palepale yalipotoka majina Ash-Shahid, Al-Wakil na Al-Warith. Hata tunaposema mgonjwa yu hai, tumegusa Al-Hayy. Subira, shukrani, toba, hekima, elimu, nuru, haki, salama: mtu anaweza kukaa sokoni tangu asubuhi mpaka jua kuzama asiseme lolote ila biashara, na bado ulimi wake ukawa umepita katika mizizi ya Majina kumi au ishirini.

Na wazee wetu wa nyanda hizi, kabla hawajasikia neno la Kiarabu, walikuwa na jina la Muumba. Wanyakyusa wanasema Kyala, Wahehe na Wabena wanasema Nguluvi, na mtoto aliyezaliwa Rungwe akiitwa Lusajo ameitwa baraka, akiitwa Lugano ameitwa upendo. Nimewafundisha akina Lusajo wengi, Waislamu na Wakristo, na sijaona sababu ya kumtaka yeyote kati yao aone aibu kwa jina hilo.

Lakini neno kuwamo kinywani na neno kujulikana ni mambo mawili. Ninachotaka kusema leo ni kimoja: Mtume wetu (S.A.W.) alitutaka tuyahesabu Majina ya Mwenyezi Mungu, na maulamaa wakubwa wa umma huu waliielewa hesabu hiyo kuwa kazi ya ulimi, ya akili na ya mikono kwa pamoja, kazi ambayo elimu ya namba, ya nyota na ya mwili wa binadamu imo ndani yake.

Hadithi yenyewe mnaijua. Ameipokea Abu Huraira, na imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ya kwamba Mwenyezi Mungu ana majina tisini na tisa, mia kasoro moja, na mwenye kuyahesabu ataingia Peponi. Kitenzi kilichotumika ni ahsa. Wenye kamusi za Kiarabu wanakiunganisha na neno hasa, yaani kokoto, kwa sababu Waarabu wa kale walihesabu kwa kokoto kama vile watoto wetu wa darasa la kwanza wanavyohesabu kwa vizibo vya soda na vijiti vya ufagio. Mtazameni mtoto anayehesabu hivyo. Hasemi namba tu. Anakishika kila kizibo, anakisogeza upande wa pili, na kikishapita hakirudii. Kila namba inayotoka kinywani ina kitu mkononi. Maulamaa walipofafanua neno hilo walisema kuyahesabu Majina ni kuyahifadhi, kisha kuzifahamu maana zake, kisha kumwomba Mwenyezi Mungu kwayo na kuishi kwa namna yanavyotaka. Daraja ya kwanza ndiyo tunayoishia wengi wetu. Tunayaimba kwa sauti nzuri, watoto wetu wanashindana kuyaimba, na si vibaya. Ila ni vizibo vinavyotajwa bila kushikwa.

Kuna jambo wazazi wengi hawajaambiwa. Ile orodha tunayoiimba, inayoanza na Ar-Rahman na kumalizika na As-Sabur, imo katika mkusanyo wa Tirmidhi, na wanazuoni wengi wa hadithi wamesema kuwa mpangilio ule umetoka kwa wapokezi waliokusanya majina kutoka Qurani na kwingineko, na haukutamkwa na Mtume mwenyewe. Ibn Majah ana orodha nyingine isiyolingana na hiyo. Nawaambieni hili ili kijana atakapolisoma huko mbele asidhani amegundua siri iliyofichwa. Halikufichwa kamwe. Kwa kutofungiwa orodha moja, waliotangulia walilazimika kurudi katika Qurani na kuyatafuta Majina moja moja, na huko nako ni kuhesabu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alipoandika kitabu cha kuzipanga elimu zote za wakati wake, kuanzia lugha na mantiki hadi hesabu, maumbile na siasa, alikiita Ihsa al-Ulum, kuzihesabu elimu. Ni mzizi uleule wa hadithi, na uleule wa Al-Muhsi, Aliyehesabu kila kitu kwa idadi.

Sasa niingie kwa Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki hukohuko mwaka 1111. Ameandika kitabu kizima juu ya maana za Majina, Al-Maqsad al-Asna, na ndani yake ana msimamo ambao nadhani ndio ufunguo: hakuna majina mawili yenye maana moja kabisa. Chukueni Al-Khaliq, Al-Bari na Al-Musawwir, yaliyofuatana katika aya ya mwisho ya sura ya Al-Hashr. Wengi wetu tunayafasiri yote matatu kwa neno moja, Muumba, tukapita. Ghazali anasema tazama jengo. Kwanza anatakiwa mtu wa kukadiria: mbao kiasi gani, matofali mangapi, kiwanja upana gani na urefu gani. Kisha anatakiwa wa kujenga hata jengo lisimame. Kisha anatakiwa wa kulipamba na kulipa sura yake.

Nani kati yetu hajajenga, au hajamwona jirani akijenga? Mnajua anavyofanya fundi anayejua kazi, kabla tofali la kwanza la kuchoma halijapangwa. Anapiga vigingi pembeni, anafunga kamba, anapima pembe kwa futi tatu, nne na tano, na mwenye nyumba anakasirika kwa kuona siku nzima imepita na hakuna ukuta. Siku hiyo isiyo na ukuta ndiyo sehemu ya Al-Khaliq kwa maana ya kukadiria. Ukuta unapopanda ni sehemu ya Al-Bari. Lipu, madirisha na rangi ni sehemu ya Al-Musawwir. Fundi ana mahitaji na husaidiwa, naye Mwenyezi Mungu hana mahitaji wala msaidizi, na Ghazali mwenyewe anatahadharisha hivyo. Lakini mfano umetufundisha kwamba kuumba, kwa lugha ya Qurani, kuna kipimo ndani yake kabla ya kitu kuonekana. Sura ya Al-Furqan, aya ya 2, inasema ameumba kila kitu akakikadiria kwa kipimo. Mtu aliyeamini hivyo kwa dhati hawezi kudharau rula.

Katika Al-Latif anafika mbali zaidi. Jina hili tunalifasiri kuwa Mpole, na ni sahihi, lakini Ghazali anasema ndani yake kuna mambo mawili: kuyajua yaliyo madogo na ya ndani kabisa, na kuyafikisha kwa anayeyahitaji kwa upole, bila kishindo. Anamtaja mtoto tumboni anayelishwa kwa kitovu, kisha akizaliwa ananyonya hata katika giza la usiku bila kufundishwa, na meno yake yanacheleweshwa mpaka atakapoyahitaji. Halafu anataja tonge. Tonge moja la chakula, anasema, wameshirikiana juu yake watu wasiohesabika: aliyelima, aliyepanda, aliyemwagilia, aliyevuna, aliyesaga, aliyekanda, aliyepika.

Nimelifikiria tonge hilo mara nyingi nikiwa mezani kwangu. Ugali wa leo mchana umetokana na mahindi ya Mbozi. Kuna mama aliyeamka alfajiri kwenda kupalilia akiwa na mtoto mgongoni. Kuna mbegu, na nyuma ya mbegu kuna watafiti, kama wale wa kituo cha Uyole hapa kwetu, waliokaa misimu wakichagua suke kwa suke. Kuna aliyefua jembe, kuna aliyeendesha fuso usiku kwenye ukungu wa Igawilo, kuna kijana wa mashine ya kusaga ambaye nyusi zake ni nyeupe kwa unga. Na bado sijaitaja mvua, wala vile viumbe visivyoonekana kwa jicho vinavyoufanya udongo uwe na rutuba, ambavyo Ghazali hakuvijua na nyinyi mnavisoma kidato cha pili. Kila elimu mpya inaliongezea tonge watu na viumbe, na jina Al-Latif linapata vizibo vingine vya kushikwa.

Nije kwenye jina ambalo nimelibeba moyoni tangu utoto, Al-Jabbar.

Kwa Kiswahili tumelichukua neno jabari, na mtu jabari kwetu ni mwenye nguvu, pengine mkatili. Kwa hiyo vijana wengi wanalisoma jina hili kwa hofu tu. Maana ya nguvu imo, bila shaka: Al-Jabbar ni ambaye utashi wake haushindwi. Imo pia maana ya kuwa juu kusikofikika, na Waarabu huuita mtende mrefu usiofikiwa na mkono kwa neno la mzizi huu. Lakini iko maana ya tatu, nayo ni kuunga kilichovunjika. Jabr ni kuunga mfupa. Waliosoma fikihi wanajua mlango wa jabira, yaani vile vijiti na vitambaa anavyofungwa aliyevunjika, ambavyo hupanguswa kwa maji wakati wa kutawadha. Na sisi sote tuliojifunza dua ya kikao baina ya sijida mbili tunasema: Mola wangu nighufirie, unirehemu, wajburni, uniunge. Tunalisema neno hilo kila siku, na mara ngapi tumejiuliza tumeomba nini?

Nilikuwa na miaka tisa nilipoanguka kutoka juu ya mparachichi nyumbani kwetu Tukuyu. Mkono wa kushoto ulipinda mahali pasipo na kiungo. Baba alinibeba mpaka kwa bibi mmoja wa kijiji cha pili aliyejulikana kwa kuunga mifupa. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni. Alikuwa akiutazama mkono. Akaukanda kwa maji ya moto, akaupapasa kwa vidole gumba polepole mpaka akapata mahali penyewe, kisha akamwambia baba anishike bega. Nikamsihi asiuvute. Akanijibu, “Mjukuu wangu, mfupa usiovutwa huunga upande.” Akauvuta. Nilisikia ncha mbili zikikwaruzana, kisha zikakaa. Akazungushia vipande vya mwanzi vilivyochongwa mpaka vikawa laini kama ngozi, akafunga kwa kanga iliyochanwa, akaniambia nisiulalie. Leo ningempeleka mtoto wangu hospitali akapigwe eksirei kwanza, na nawasihi nanyi mfanye hivyo. Ila nguvu iliyonivuta siku ile na huruma iliyoniunga vilitoka katika mikono miwili ileile, na nilipokuja kusoma kwamba Al-Jabbar ni Mwenye nguvu na ni Muungaji, sikuhitaji kufafanuliwa.

Miaka mingi baadaye, nikijiandaa kufundisha aljebra, nilikutana na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliishi Baghdad katika zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, na kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala ndicho kilichoipa dunia neno aljebra baada ya kutafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1145. Sisemi kwamba aliipa elimu hiyo jina kwa ajili ya Al-Jabbar. Hakuna aliposema hivyo, na si vyema kumsingizia. Nasema alichukua neno la waunga mifupa, mzizi uleule, kwa sababu kazi ni ileile. Tazameni hesabu yake hii, ambayo nimeiandika ubaoni. Yeye hakutumia alama; aliandika kwa maneno, na namba isiyojulikana aliiita shay, kitu, na kile kinachopatikana kitu kikizidishwa kwa chenyewe alikiita mal, mali. Anasema: mali moja ni sawa na vitu arobaini kasoro mali nne. Upande mmoja umevunjika, una kasoro. Unaungwaje? Unaiongezea ile kasoro, mali nne, na kwa uadilifu unaongeza kiasi hichohicho upande wa pili. Sasa mali tano ni sawa na vitu arobaini, basi mali moja ni vitu vinane, kitu ni 8 na mali ni 64. Rudini mwanzo mpime: 40 mara 8 ni 320, ukitoa 256 inabaki 64. Mfupa umekaa.

Kuongeza pande zote mbili kwa kiasi kilekile, ndiyo al-jabr. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba alama ya kutoa ikivuka inageuka kuwa kujumlisha, basi, amepewa uchawi. Anayefundishwa kwamba kilichopungua huungwa, na kwamba mizani haivunjwi kwa ajili ya kukiunga, amepewa elimu, na amepewa pia tonge la maana ya jina la Mola wake.

Na al-Khwarizmi hakuandika ili kuwastarehesha mabingwa. Katika utangulizi anataja mahitaji ya watu katika mirathi, wasia, ugawaji, mashauri na biashara, na sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi na wasia. Mtu amefariki Mbarali, ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na shamba la mpunga ekari 24. Mke ana thumuni, ekari 3. Zinabaki 21, mwana 14 na binti 7. Ni hesabu ndogo, lakini nimeona ndugu wakipelekana barazani kwa miaka kwa sababu hakuna aliyekaa chini na kalamu, na anayepoteza katika ugomvi huo karibu daima ni mjane. Hapo Al-Adl, Mwadilifu, haitajwi kwa tasbihi peke yake. Inatakiwa kalamu.

Nipite upesi kwenye kibla. Sisi tulio mjini Mbeya tukisimama kuswali tunaelekea kaskazini, tumepinda kidogo tu kuelekea mashariki, kiasi cha nyuzi 12, na mbele yetu umesimama ukuta wa mlima Loleza. Kujua nyuzi hizo kuliwashughulisha Waislamu kwa karne nyingi. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha kutafuta mahali pa miji juu ya uso wa dunia, akakikamilisha karibu na mwaka 1025, na hoja yake kubwa ilikuwa kuijua kibla ya Ghazna. Mtu huyohuyo alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistani, akapima ni kiasi gani upeo wa macho umeshuka chini ya usawa wa jicho lake, akapata dakika 34, zaidi kidogo ya nusu ya uzi mmoja, na kwa urefu wa mlima na kipimo hicho kidogo akakokotoa ukubwa wa dunia, akaulinganisha na kipimo kilichofanywa zamani za al-Ma'mun. Kijana yeyote aliyewahi kusimama ukingoni mwa milima yetu akaitazama tambarare ya Usangu inavyokwisha mbali, amesimama pale aliposimama al-Biruni. Alichokosa ni kifaa na subira.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni la moto na pamba. Ghazali, katika kitabu alichowajibu wanafalsafa, aliuliza: pamba ikikutana na moto na kuungua, nani ameiunguza? Akasema moto hauna uwezo wowote wa kujitegemea. Tunaona kuungua kukifuatana na kukutana, na mwenye kutenda ni Mwenyezi Mungu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu kwamba mwenye kukanusha kwamba vitu vina tabia na sababu amekanusha akili yenyewe, na ameifunga njia ya kuiona hekima ya Muumba. Wengi wanaosimulia ugomvi huu wanasema ni ugomvi wa dini na sayansi. Mimi nauona kuwa ni ugomvi wa watu wawili wanaolilinda kila mmoja jina. Ghazali analilinda Al-Qadir, Mwenye uwezo, moto usije ukafanywa mungu wa pili. Ibn Rushd analilinda Al-Hakim, Mwenye hekima, dunia isije ikawa mahali pa mambo kutokea ovyo. Wala Ghazali hakutilia shaka kwamba pamba ya kesho itaungua. Alisema Mwenyezi Mungu ameweka desturi, na ametujaalia kuijua. Mwalimu wa hesabu kama mimi yuko karibu zaidi na Ibn Rushd, sifichi, kwa sababu huwezi kumfundisha mtoto kutafuta sababu huku ukimwambia hazipo. Lakini kila ninapoona mtu aliyesoma akijiona kwamba hamhitaji yeyote kwa kuwa anajua moto unavyounguza, namkumbuka Ghazali.

Sasa nina onyo, na nalisema kwa uchungu kwa kuwa nimeona madhara yake. Zinasambazwa katika simu zetu jedwali zinazosema jina hili hutibu ini, jina lile hutibu figo, lisome mara kadhaa, na chini yake imeandikwa kwamba sayansi imethibitisha. Sayansi gani? Nani aliyepimwa, kwa kifaa gani, na akina nani waliolinganishwa nao? Hakuna jibu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Cairo na kufariki karibu na mwaka 1040, alifungua kitabu chake cha kumpinga Batlamyus, mwananyota wa kale wa Kigiriki, kwa kueleza kwamba haki hutafutwa kwa ajili yake yenyewe, na kwamba anayeitafuta ni yule anayezitilia shaka hata kauli za wakubwa mpaka hoja isimame. Huyo ndiye mtu aliyetuonyesha kwa majaribio, ndani ya chumba cha giza chenye tundu, jinsi nuru inavyosafiri. Al-Haqq, Wa Kweli, ni jina la Mwenyezi Mungu. Kusambaza uwongo kwa kulitumia jina la Ar-Rahman ni kuligonganisha jina na jina.

Mtume ametufundisha dua ya mgonjwa: ondoa dhara, Mola wa watu, ponya, Wewe ndiye Ash-Shafi, Mponyaji. Tuiombe. Naye pia amesema Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, na Abu Bakr ar-Razi, tabibu aliyefariki mwaka 925, aliichukulia kazi hiyo kwa uzito hata akaandika kitabu cha kuipambanua ndui na surua kwa dalili zake, kitanda kwa kitanda. Dua na dawa hazijawahi kugombana. Wanaozigombanisha ni sisi, na anayelipia ni mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani.

Nimeletewa karatasi hapa, na mwandiko ni wa kijana. Anauliza: Mwalimu, Ash-Shafi uliyemtaja hayumo katika orodha tunayoiimba, je, Majina ni zaidi ya 99? Swali zuri sana, na umesikiliza vizuri. Ibn Hazm wa Andalusi alisema hayazidi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika kuwa maulamaa wameafikiana kwamba hadithi haikukusudia kuyawekea Majina mpaka. Ilikusudia kwamba haya 99, mwenye kuyahesabu ataingia Peponi. Ni kama mkulima wa Kyela aseme ana magunia 99 ya mpunga aliyoyatenga kwa sadaka. Hajasema ghala yake haina jingine.

Na hoja yao kubwa ni dua iliyopokewa na Ibn Mas'ud, iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, ambayo mwenye huzuni huisoma. Anamwomba Mwenyezi Mungu kwa kila jina alilojiita, au aliloliteremsha katika Kitabu chake, au alilomfundisha yeyote katika viumbe vyake, au alilojiwekea Mwenyewe katika elimu ya ghaibu iliyo kwake. Nimeiandika ubaoni kwa Kiarabu na Kiswahili, chini ya ile hesabu ya vitu arobaini kasoro mali nne. Wenye madaftari wazinakili zote mbili, muda upo kidogo kabla ya adhana ya Magharibi.